Kupima Kioo Kama Shamba

Biashara ya pamba ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walijaa Bariadi, na mmoja wao akaja na kompyuta. Mimi niliishia darasa la tatu kwa sababu ya ng'ombe, lakini habari za ng'ombe tuziache. Alinipa kazi ya kuijaribu kila asubuhi: naandika gunia la uongo, nabonyeza "Hifadhi", naangalia kama limeingia.

Kisha akaletwa fundi msomi kutoka Mwanza. Akaifundisha kompyuta ijibonyeze yenyewe: mshale utoke pembe ya juu kushoto ya kioo chake, nukta kadhaa kulia, nukta kadhaa chini, bonyeza. Nilielewa mara moja, maana ndivyo tunavyopima mistari ya pamba.

"Mzee, umepumzika," akasema. "Kafagie uwanja mpaka mwezi uishe, halafu uende nyumbani."

Nikafagia. Wiki hiyohiyo bosi akainunulia kompyuta kioo kikubwa zaidi ili wageni wakione. Vitufe vyote vikahama, ila mshale ukaendelea kwenda palepale pa zamani, ambapo sasa palikuwa na "Futa". Kila asubuhi ulifuta magunia ya watu, kisha kompyuta ikaandika kwamba jaribio limefaulu, maana kitufe kimebonyezwa. Fundi alifurahi siku tatu nzima.

Siku ya nne wakulima wakaja kuuliza pamba yao. Fundi akanifuata uwanjani, jasho likimtoka.

"Baba, wewe ungejuaje kwamba kitufe siyo kile?"

"Ningesoma, mwanangu. Kimeandikwa."

Akaupokea ufagio, akanitangulia ofisini kunivutia kiti.