Makame kasema hana la kunisamehe

Admin nifiche jina, ijapokuwa Mji Mkongwe mzima unanijua. Nna miaka sabiini na nne, naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, nikikosea herufi nyinyi someni tu. Mimi nlicheza mpira wa magongo hapa Unguja mpaka timu ya nje ikanichukua, nikacheza kwa kulipwa miaka sita. Sijivuni, nasema lilivyo. Nikishika gongo mabeki wanatafuta pa kujificha.

Mwezi ujao wanangu wananipeleka Hija. Na nyote mnajua mtu hendi Makka mpaka apite nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nshapita kote. Wa mwisho nlimuweka Makame, jina si lake, tuliyecheza timu moja na mpaka leo kila baada ya alasiri tunakunywa kahawa baraza moja.

Makame anachechemea. Watu wanajua aliumia mazoezini kwa bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Ilibaki nafasi moja ya kusafiri na timu, na yeye alikuwa mzuri kuliko mimi, hilo sijapata kulisema popote. Siku ile sikuufuata mpira, nliufuata mguu wake. Nikalipiga goti kwa gongo, nikalisikia likivunjika. Kisha nikambeba mgongoni mpaka hospitali huku nalia, na kilio kile kilikuwa cha kweli. Nikasafiri mimi, na huko ndiko timu ya nje ilikoniona ikanichukua.

Juzi nikamwambia, "Makame, nnakwenda Hija, nisamehe nliyokukosea."

Akacheka. "Ushaanza kunikoga, kunitambia na Hija yako? Mguu huu ungekuwa mzima ungenibebea viatu wewe."

"Nisamehe basi."

"Nikusamehe nini we mzee? Mtu alonibeba mgongoni. Mwanangu wa kwanza nimempa jina lako. Sina la kukusamehe mimi."

Akanimiminia kahawa. Nikanywa, nikaenda zangu.

Sasa hiyo ndiyo radhi? Nikisema, baraza imekwisha, na yule mwanawe mwenye jina langu sijui ataniita nani. Nisiposema, ntasimama Arafa na goti la Makame. Asinambie mtu nisiende, kwenda nnakwenda. Mwenye kujua mambo haya anambie moja tu, nirudi kwa Makame nikalitaje lile gongo, au kicheko chake kinanitosha?