Kibuyu Nilichokimwaga Magarama

Aibu niliipata, sikatai, na mashahidi wako wengi Gitega, ila anayesubiri nijute atasubiri sana.

Mi ni fundi cherehani wa Muyinga, baba alishafariki, kwa hiyo mdogo wangu Zainabu alipopata mchumba Gitega mimi ndiye niliyempeleka kwa wakwe, na neno la mwisho lilikuwa la baba mdogo wa kijana, Mzee Hamadi, mtu wa msikitini, kanzu nyeupe pe. Bon, akatualika Magarama, mtaa wa pale pale Gitega, kwenye mkahawa mdogo wa jirani yake, bwana mmoja wa Argentina aliyelelewa na bibi Mwitaliano (nyama iko halali, Mzee alituhakikishia kabla hatujakaa). Tukala piza, tukala vitu kama sambusa vilivyookwa, Zainabu anatafuna kwa adabu mpaka nikamwonea huruma.

Mara mwenye mkahawa akaleta kibuyu. Kibuyu kidogo, mrija mmoja, anavuta yeye, anakijaza tena, anampa Mzee Hamadi, na Mzee anavuta! Sasa niambieni nyinyi, Burundi hii, kitu cha kibuyuni ambacho watu wanapokezana mrija ni nini kama siyo impeke, pombe ya mtama? Kuuliza ningeweza. Lakini nikaona watasema watu wa Muyinga washamba (kiburi hicho ndicho kilichoniponza), nikachemka, na kibuyu kilipofika kwa Zainabu nikampokonya, nikamwaga dirishani, kumbe dirisha lina kioo, tena safi, yote ikarudi kwenye kanzu ya Mzee, majani yaliyolowa mpaka ndevuni.

“Mdogo wangu haolewi kwa walevi,” nikasema, mkahawa mzima ukasikia.

Mzee akatoa jani moja kwenye ndevu, akalitazama. “Mwanangu, iko chai hii, ya kwao Argentina.”

Zainabu alishaanza kulia. Ningeomba radhi pale pale yakaisha, lakini wallahi mdomo ulikataa, nikasema kama ni chai basi ikae kwenye kikombe kama chai zingine. Tukarudi Muyinga bila jibu la posa.

Jibu lilikuja Ijumaa: wanamtaka. Mzee alisema binti aliyelindwa hivyo kalelewa vizuri. Na siku ya harusi, mbele ya wageni wote, akanijia na kibuyu kile kile. Nikakinusa kwanza, taratibu, watu wanacheka, ndipo nikavuta. Chungu balaa, nikaimaliza yote.

Kwa hiyo nimeapa, sitarudia. Sitamwaga tena kabla ya kunusa, na kabla ya kufungua dirisha.