Simu Ilikatika Kabla ya "Ila"

Mwalimu Loyce wa Irente si mtu wa kuonewa huruma. Akitaka jambo lake hulifuata mzima mzima, na Lushoto yote inamjua hivyo. Kwa hiyo msimsikitikie mkisikia kwamba mvua za masika ziliporomosha kilima kikaangukia ukuta wa nyuma wa nyumba yake, ile aliyoijenga kwa mkopo wa benki. Vyumba vya kulala vilijaa udongo, na mhandisi akakataza mtu yeyote kulala humo mpaka ukuta ujengwe upya.

Loyce hakulia. Mkopo ule ulikuja na bima, na bima yenyewe aliisoma neno kwa neno, wakati wenzake wanatia saini tu na kwenda zao. Humo walisema nyumba isipokalika, kampuni italipa pango la nyumba nyingine hadi ya kwako itengenezwe. Pango hilo alilitaka kwa ajili ya mama yake, Bibi Klara. Loyce mwenyewe alikuwa amejibanza chumbani kwa mwalimu mwenzake, lakini mama ilibidi apelekwe Mponde, kwa mpwa wake Sesilia. Bibi mwenye magoti mabovu, akaishi kwa watu, huko kwenye mashamba ya chai! Hilo ndilo lililomnyima Loyce raha.

Basi, akapeleka ombi, na kampuni ya bima ikapiga simu. Aliyepiga alikuwa kijana wa sauti laini, jina lake Heri.

"Shikamoo mama. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Nzuri tu, baba, tunamshukuru Mungu."

"Wote hamjambo hapo?"

"Hatujambo kabisa."

Mtandao ukakatika. Kesho yake ukaja ujumbe: kwa maelezo aliyotoa mwenyewe, nyumbani ni salama, hivyo ombi la pango limesitishwa.

Loyce alicheka kwanza, halafu hasira zikampanda. Jamani, nani katika milima hii yote anajibu salamu kwa maporomoko? Mtu akikuamkia unasema nzuri, hata kama una msiba. Mabaya yanakuja baadaye, nyuma ya neno "ila". Na simu ilikatika kabla ya "ila"! Huyo kijana alilelewa wapi?

Akaipigia kampuni. "Mleteni huyo Heri aje aone kwa macho yake. Mimi sibembelezi mtu, nadai haki yangu."

Heri akaja kwa bodaboda siku ya mvua. Kwenye kona ya chini pikipiki iliteleza, akafika getini ana tope mpaka kifuani, soli ya kiatu kimoja imeachama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Nzuri tu, mama."

"Nzuri?" Loyce alimpandisha na kumshusha kwa macho.

"Nzuri kabisa, ila..." Heri akayasikia maneno yake mwenyewe. Akajiziba mdomo.

"Malizia," Loyce akamwambia. "Mimi naisubiri 'ila' yako. Yangu wewe hukuisubiri."

Heri alicheka kwa aibu, akaomba radhi, kisha akaingia ndani. Aliukuta udongo umepanda hadi kwenye godoro la Bibi Klara. Hakuuliza tena. Alipiga picha, akaahidi kulirekebisha kosa lake mwenyewe, na kweli hakuchelewa. Pango likatoka. Loyce akapata nyumba karibu na shule, isiyo na ngazi hata moja, akaenda kuifagia yeye mwenyewe huku anaimba.

Kisha akapiga simu Mponde.

"Shikamoo mama. Habari za huko?"

"Marahaba. Nzuri tu, mwanangu."

Ndivyo Bibi Klara alivyojibu kila siku tangu ahamie huko, na kila siku Loyce alishukuru, akaaga, akakata. Leo hakuaga. Hakukata. Alishikilia simu sikioni, akasubiri.

"Ila," mama yake akasema, "nimechoka kukaa kwa watu, Loyce."

"Funga mzigo, mama. Nakuja kukuchukua."