Mtu Aliyesalimia Vizuri

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Haloo alikaa kwenye chumba kidogo cha simu katika hospitali kubwa, akiunganisha watu na wadi, wadi na madaktari, madaktari na wake zao waliotaka kujua watarudi lini. Alitambua sauti yenye msiba kabla mwenyewe hajautaja. Alitambua mlevi anayejikaza, na bwana anayempigia asiye mke wake. Yote hayo aliyameza na wala hayakumnenepesha, mpaka leo ni mwembamba kama ufito. Aliaga kazi akiwa na saa ya ukutani, cheti, na lile jina ambalo hata wajukuu wa jirani wanamwitia.

Nyumbani palimshinda. Alifagia palipokwisha kufagiwa, akagombana na redio. Ndipo mdogo wake wa mwisho, mwenye ofisi ya kuchapa karibu na stendi, akamwonea huruma, au pengine alijionea huruma mwenyewe.

"Dada, njoo tukae wote," alimwambia. "Simu ya mezani inalia mpaka inachoka, na mimi vidole vyote viko kazini."

Mama Haloo alifika kesho yake saa moja asubuhi na mto wake wa kukalia.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja: meza mbili, kabati la chuma, printa inayotaka kubembelezwa, na kompyuta ambayo mdogo mtu aliitunza kuliko viatu vyake. Humo walichapa barua za kuomba kazi na mikataba ya kupanga nyumba. Lakini walichapa pia wosia, barua za kuombana radhi baina ya ndugu, na barua ambazo mtu huzitamka huku akitazama dirishani ili machozi yake yasionekane. Watu walikuja pale, wakaruka ofisi nne za karibu zaidi, kwa sababu moja tu. Ukimwambia yule mchapaji jambo, umeliambia kaburi.

Kwa kuwa dada mkubwa ndiye aliyewahi kufika na kuiwasha mashine, neno la siri walilijua wote wawili. Lilikuwa moja kwa kila kitu, la kompyuta na la barua pepe, na halikuwa limebadilishwa tangu kompyuta iwe mpya.

Jumanne moja, saa nne kasoro, mdogo mtu alikuwa ametoka kununua karatasi na wino. Simu ikalia.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya kiume.

"Marahaba, baba."

"Habari za asubuhi? Mmeamkaje hapo? Kazi inakwendaje? Nasikia mvua imewasumbua sana wiki hii."

Na akasubiri majibu! Hapo ndipo Mama Haloo alipolainika. Watu wa siku hizi hupiga simu kama wanaokimbizwa: haloo, fulani yupo, basi. Huyu alimuuliza hali kipengele kwa kipengele, akasikiliza mpaka habari ya goti lake bovu. Halafu, kwa upole ule ule, akasema anatoka kampuni ya intaneti, na kwamba kompyuta ya ofisi imeingiliwa.

"Nisingependa kazi za watu zipotee, mama yangu," alisema.

Mama Haloo akakaa mbele ya kompyuta. Yule bwana alimwongoza pole pole: andika hapa, bonyeza pale, sema ndiyo, nisomee hizo namba. Alifuata bila kukosea hata mara moja na akajiona si haba. Kisha akaulizwa neno la siri. Akasita.

"Kama huniamini, mama, nitakata tu," yule bwana alisema, na sauti ikawa ya mtu aliyeumia. "Sikutaka kukusumbua."

Sasa mtu wa namna hiyo utamfanyaje ajione mwizi, naye amekuuliza hadi habari ya goti? Mama Haloo akampa.

Kishale kwenye kioo kikaanza kutembea chenyewe. Kikafungua folda moja, kikafungua nyingine. Kilipofika kwenye folda iliyoandikwa WOSIA, Mama Haloo akasogea karibu na kioo. Fundi wa intaneti ana shughuli gani na mali za watu walio kufani? Hakuuliza. Kazi yake ya zamani ilimfundisha kwamba asiyestahili akiingia kwenye laini, unachomoa, maswali baadaye. Aliinama na goti lake hilo hilo, akachomoa waya wa intaneti, kisha akachomoa na wa umeme.

"Mama? Mbona umezima?" Sauti ikabadilika. Alimwita neno ambalo sitaliandika hapa, na simu ikakatika.

Alibaki ameketi mbele ya kioo cheusi. Hakuna aliyeona. Akinyamaza, mashine itawashwa, kazi itaendelea, na kiti chake kitabaki chake. Akisema, labda atarudi kufagia palipofagiwa. Lakini ndani ya zile folda kulikuwa na watu, na hao watu hawakujua kwamba mgeni ameshawasoma. Niseme ukweli, alitamani kunyamaza. Alitamani sana.

Mdogo wake akaingia na maboksi ya karatasi kifuani. Akatazama kioo cheusi.

"Dada, umeme umekatika?"

Uongo uliletwa tayari, umenyooshwa kwa pasi, kilichobaki ni kuuvaa tu.

"Umeme upo," alisema Mama Haloo. "Nimechomoa mimi. Weka hayo maboksi, ukae."

Alimweleza yote, hata habari ya goti. Mdogo wake alisikiliza bila kupepesa.

"Na neno la siri ulimpa?"

"Nilimpa."

"Dada!" Halafu akauliza, "Kwani alikwambia nini hasa?"

"Alinisalimia."

Siku nyingine wangecheka mpaka wakashikana mabega. Siku hiyo mdogo mtu alijifunika uso kwa viganja, akatoka nje, akampigia fundi.

Fundi wa kompyuta alikuwa mama mnene asiyependa porojo. Hakuirudisha mashine kwenye intaneti. Kwanza alimwamuru mdogo mtu abadilishe neno la siri la barua pepe kwa kutumia simu yake ya mkononi, palepale. Kisha akaiwasha kompyuta na kukuta ile programu Mama Haloo aliyoongozwa kuiweka, ambayo yule mtu angeitumia kurudi tena kila apendapo, maana haikuwa imeondoka kwa kuchomoa waya. Alisoma alama zilizobaki humo, akasema folda mbili zilikuwa zimenakiliwa. Akafuta kila kitu na kuanza upya, kwa nakala ambazo mdogo mtu huziweka nyumbani kwenye diski kila Ijumaa.

"Asingechomoa, angebeba zote na kuwafungia mashine," fundi alisema, akikunja waya wake. "Ila na nyie, neno moja kwa kila kitu! Mtu anafunga nyumba, choo na banda la kuku kwa ufunguo mmoja?"

Folda mbili zilikuwa na watu kumi na wanane. Mdogo mtu akavuta simu.

"Lete hapa," Mama Haloo akamwambia. "Mlango nimeufungua mimi."

Akawapigia mmoja mmoja. Aliwaambia jina lake, akawaambia alichofanya, akawaonya kwamba mtu yeyote atakayedai ana karatasi zao wasimjibu na wasimpe chochote. Mwenye duka la vipuri alimtukana dakika nzima, naye akasikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa na haki. Wa kumi na moja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miezi miwili nyuma alichapisha barua ya kumwambia mumewe kwamba anaondoka, na barua hiyo bado ilikuwa kwenye mkoba wake.

"Kwa hiyo mtu anaweza kumtumia mume wangu ile barua," alisema mwalimu.

"Anaweza, mwanangu. Nisamehe."

"Ungenyamaza, nisingejua ni nyinyi."

"Usingejua."

Nyuma ya mwalimu watoto walisikika wakisoma kwa sauti. "Basi nitamwambia mwenyewe leo," alisema, akakata.

Kesho yake Mama Haloo alikuta simu ya mezani imehamia kwenye meza ya mdogo wake. Kwa siku nane alipanga karatasi, akabana pini, na kila simu ilipolia mkono wake ulinyanyuka wenyewe kisha ukarudi mapajani. Iliuma, tena ilimuuma sana. Siku ya tisa mwalimu alikuja na karatasi mpya za kuchapa. Ya ndani ya nyumba yake hayatuhusu. Mdogo mtu akamkaribisha kiti, lakini yeye akabaki amesimama.

"Namtaka yule aliyenipigia," alisema.

Mchana huo mdogo mtu aliibeba simu, waya ukiburuta sakafuni, akairudisha mezani kwa dada yake. Kila mmoja sasa alikuwa na jina lake kwenye kompyuta na neno lake la siri. Juu ya simu Mama Haloo alibandika karatasi: MSALIMIE. KATA. UPIGE WEWE KWA NAMBA TUNAYOIJUA. Neno la kusalimia alikataa katakata kuliondoa.

Wiki tatu baadaye mdogo mtu alipiga simu akiwa ofisini kwa wakili.

"Dada, haraka, nitajie neno lako la siri. Ule mkataba uko kwenye upande wako, na wakili anataka kuondoka."

Mama Haloo alimlea huyu mtoto tangu ana miaka minne. Alimpa nusu ya kila sahani, na alimwachia nafasi yake ya masomo.

"Sikupi," alisema.

"Dada, ni mimi!"

"Najua ni wewe. Hata ukiwa na mafua nitakujua. Kata, nikupigie kwa namba yako, uniambie unataka ukurasa gani, nikutumie mimi."

Alikata, akampigia, akatuma mkataba.

"Umefika," alisema mdogo wake, lakini hakukata. "Dada, maisha yangu yote hujawahi kuninyima kitu."

"Imekuuma?"

"Kidogo."

"Na mimi," alisema Mama Haloo.