Tundu Moja la Bolti

Fundi wetu wa injini za boti hapa Rubona, kando ya ziwa, hana futi ya kupimia. Analala chali mchangani, anapachika vidole vitatu kati ya sehemu ya chini ya boti na kibati kilicho juu ya propela, kisha anafumba macho kama anayesikiliza. Mikono yake inanuka grisi hata Jumapili kanisani. Wenye boti za kasi wote wanamwomba jambo lilelile: injini ipande juu, propela iwe kubwa, boti iruke. "Bon, patron, iko sawa," huwajibu, na wakishageuka anaishusha injini tundu moja la bolti, kimyakimya. Injini ikiwa juu mno, wimbi moja tu linaiacha propela ikilia hewani, na usukani haukamati kitu. Mimi ndiye ninayeziendesha boti hizo, na ninajua tundu hilo ndilo linalonirudisha nyumbani.

Leo asubuhi patron mpya, mwenye boti hii, alikalia ndoo pembeni ya fundi mpaka bolti ya mwisho ilipokazwa, boti ikasukumwa majini. Upande wa Goma ziwa lilikuwa limeanza kuchafuka, na abiria sita walishapanda. Fundi hakunipungia mkono kama kawaida yake. Aliingia majini na viatu, akanifunga mwenyewe jaketi la kuokoa maisha, fundo juu ya fundo.

"Endesha pole pole, ndugu yangu," akaninong'oneza. "Leo patron hakugeuka."