Kamasi za Mwanangu

Mwanangu wa kwanza alikuwa na pua ya ajabu. Mchana ilikuwa wazi, lakini kila asubuhi ya kiangazi, ambacho hapa kwetu Manika, penye migodi, huja na baridi na vumbi, iliamka imeziba kabisa. Na mtoto wa miezi miwili akiwa kwenye titi hawezi kupumua kwa mdomo. Anashika, anavuta mara mbili, anakosa hewa, anaachia, analia. Alikuwa anakonda mbele ya macho yangu.

Mama mkwe, aliyekuja kunisaidia baada ya uzazi, alikuwa na dawa ya kila pua ya nyumba ile. Sisi wakubwa alitufukiza. Alichemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria, akatufunika blanketi mmoja baada ya mwingine, blanketi lile lile, na zamu yangu ilipofika lilikuwa limeshalowa jasho la mume wangu na mengine ambayo sikutaka kuyafikiria. Nilivumilia. Ukipenda boga, penda na ua lake, ndivyo shangazi zangu walivyonihubiria siku ya harusi.

Dawa ya mtoto ndiyo iliyonishinda. Nilimkuta mama mkwe amemlaza mjukuu mapajani, ameifunika pua yake yote kwa mdomo, anafyonza. Sauti yake niliisikia toka mlangoni. Akageuka, akatema kwenye jivu la mbabula, jiko letu la makaa, na juu ya mbabula hiyo hiyo chai yetu ilikuwa inachemka. Kisha akajifuta midomo kwa kiganja, akaniuliza kama sukari ingalipo.

"Mama, ile ni buchafu!"

"Buchafu ya nini? Bwana yako, mi njo nilimufyonzaka ivi ivi. Si leo iko baba ya mutoto?"

Chai ile sikuinywa. Toka siku hiyo nilimtengea kikombe chake, nikakitia alama ya rangi ya kucha. Aliiona, akakijaza chai. Nilijua ni utovu wa adabu, lakini kila nilipomtazama midomo, nilikumbuka lile jivu.

Nikaenda famasi ya karibu na soko, nikanunua pampu ndogo ya mpira ya kuvutia kamasi. Nikamwambia mama mkwe asiweke tena mdomo. Akajibu tu, "Ni mutoto yako." Pampu niliichemsha kila ilipotumika, mara tatu, mara nne kwa siku, maana ule ute uliobaki ndani niliuona hata nikifumba macho. Maji ya kuichemshia niliyamwaga mbali, nyuma ya choo.

Wiki ya tatu tangu ninunue pampu, mama mkwe alienda Mutshatsha kwenye matanga ya dada yake. Asubuhi iliyofuata mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Alikoroma tu, midomo imekauka, na hakuwa amenyonya toka jioni. Nikachukua pampu. Mpira ulikuwa umepasuka shingoni kwa kuchemshwa kwingi, unavuta hewa tupu. Nikamdondoshea maji ya chumvi. Nikamkamulia maziwa yangu puani, matone mawili. Vyote vilirudi povu. Mume wangu alikuwa zamu ya mgodini. Nikampigia mama mkwe.

"Weka mudomo," alisema, hata kabla sijamaliza kueleza.

"Mama, mi siwezi."

"Utaweza. Fyonza, tema. Usimeze."

Akakata simu. Nilimfuta mtoto pua kwa kitambaa mara tano, nikijidanganya kuwa ninajiandaa. Mwishowe nikafumba macho, nikaweka mdomo, nikafyonza. Kwanza ilikuja chumvi. Halafu kikaja kitu kizito, cha vuguvugu, kirefu, kikateleza chote kwa pamoja hadi juu ya ulimi. Nikatema kwenye nepi, nikataka kutapika mpaka machozi yakanitoka. Nilijichukia, nikaichukia na pua ile. Na tundu la pili lilikuwa bado.

Nilifyonza na la pili.

Mtoto akavuta pumzi ndefu, akaanza kutafuta titi kwa hasira. Akashika. Akavuta mara mbili, nikasubiri aachie, hakuachia. Maji ya kusukutulia yalikuwa kwenye ndoo, hatua tatu toka kitandani, na mimi nilikaa pale pale na ule ute mdomoni, nikiogopa hata kujisogeza, mpaka alipomaliza matiti yote mawili.