Ijumaa Bila Sindano

Dawa yangu ni ya manjano. Mume wangu, ambaye hawezi kuona kitu bila kukitania, huiita juisi ya marakuja. Ni dawa ileile wanayochomwa wagonjwa wa kansa, ila mimi nachomwa kidogo, mara moja kwa wiki, kwa sababu mwili wangu umeamua kupigana na viungo vyake wenyewe. Kabla ya sindano nilikuwa siwezi hata kufungua kifuniko cha bidoni. Na muuza mawese asiyeweza kufungua bidoni ana kazi gani katika soko la Rumonge? Nilipoanza kuchomwa, vidole vilinywea taratibu, nikarudi mezani kwangu na kuanza tena kugombana na wateja.

Lakini tangu siku ya kwanza daktari wa Bujumbura alikuwa amenionya. "Madame, kama hii dawa iko mu mwili, usibebe mimba. Itaharibu mutoto. Siku utataka kuzaa, uje kwanza, tuisimamishe, tungoje miezi." Niliitikia upesi. Mwenye maumivu huitikia kila kitu.

Mtoto nilikuja kumtaka baadaye, vidole vilipopoa. Nilimtaka mpaka nikawa napita njia ya nyuma nikitoka sokoni, nisione nguo ndogondogo zilizoanikwa kwa jirani. Wakati huohuo niliogopa kuacha sindano na kurudi kulishwa kwa mkono wa mtu. Basi nikakaa hapo katikati, kila Ijumaa nikivuta blauzi juu na kutoa tumbo lichomwe.

Aliyenichoma ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, muuguzi katika zahanati moja ya Kizuka. Alikuja watu wakishatoka msikitini, na alikuwa na tabia ya kunimwagia umbea wote wa Kizuka ili nisiisikie sindano. Nilimpenda kwa hilo.

Ijumaa moja alifika akasimama mlangoni.

"Wifi, leo siwezi. Mukono inaniuma. Nitakuonyesha, utajichoma wewe mwenyewe."

"Mukono gani? Hiyo umebebea kikapu?"

Alicheka kidogo, akabaki palepale. Nikajichoma kwa kufuata maneno yake, na tone moja likaanguka mezani. Nilimwomba anifutie. Alinirushia kitambaa kutoka mbali, kisha akarudi nyuma hadi barazani.

Wiki nzima nilimnunia. Nilimwambia mume wangu kwamba muuguzi wetu ameanza kunikinai, kwamba sasa ananiona mimi na dawa yangu ni uchafu mmoja. Nilitaja na vyungu vyote nilivyopika siku ya harusi yake. Mume wangu alinisikiliza huku akila, kwa sababu anajua nikiwaka sizimwi kwa maneno.

Siku yangu ya kupimwa damu ilipofika, nilipanda basi kwenda Bujumbura nikiwa bado nimenuna. Daktari aliponiuliza nani ananichoma siku hizi, nikamshtakia habari zote za wifi yangu, pamoja na kile kitambaa. Hakukasirika. Aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Huyo wifi yako, hana mimba? Mwenye mimba hagusi hii dawa."

Kwetu mimba changa haisemwi. Huachwa mpaka tumbo lijiseme lenyewe, isije ikakutana na jicho baya. Na jicho la kuogopwa kwanza ni la nani, kama si la wifi asiye na mtoto? Ningependa kuandika kwamba aliniogopa bure. Lakini pale kwenye kiti nilimhusudu kwelikweli.

"Tuisimamishe," nikasema.

Daktari alinieleza yote bila kunificha: vidonge atakavyonipa badala yake havina nguvu ya sindano, ugonjwa unaweza kurudi, miezi ya kungoja ni mirefu, na mwisho wake hakuna ahadi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilirudi kwa basi la jioni, na kutoka Muhuta hadi nyumbani niliangalia ziwa tu, maana machozi yalikuwa karibu na abiria wa pembeni alikuwa mdadisi.

Ijumaa ilipofika, wifi alinikuta nimekaa mezani bila sindano. Alitazama meza, akanitazama. Hakuuliza kitu. Mimi pia sikuuliza, ila nilimsogezea kiti chenye mto, na safari hii akaingia ndani akakaa karibu nami.

Sasa vidole vimeanza kuvimba. Asubuhi ngumi haifungiki, na bidoni ananifungulia mume wangu kabla hajatoka. Jana aliniuliza kama inauma. Nikamwambia inauma sana, dawa inatoka, nikacheka. Alinishika mikono yote miwili, polepole, na kwa mara ya kwanza hakutania.